Kusaka hitilafu kwenye programu iliyoboreshwa na kompaila: GCC na GDB hatua kwa hatua

Programu ikijengwa kwa `-O0` (bila uboreshaji wa kompaila) inakwenda sawasawa. Ikijengwa kwa `-O2` (kwa uboreshaji) inatoa hesabu za ovyo au inaanguka. Unaifungua ndani ya GDB (debaga, yaani chombo cha kuchungulia programu inapokimbia), unaandika `print urefu`, unajibiwa `<optimized out>`. Unaandika `next`, mshale unaruka kutoka mstari wa 12 hadi wa 9, unakwenda wa 14, unarudi tena wa 9. Wengi wakifika hapo hurudi `-O0`, hitilafu inatoweka, na kazi inalala palepale.

Hapa kuna magonjwa mawili yanayofanana dalili. La kwanza: programu ni nzima, ila debaga haioni vizuri. La pili: msimbo ulikuwa na kosa tangu siku ulipoandikwa, na uboreshaji umelitoa hadharani. Dawa ya moja haitibu jingine, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua unashughulika na lipi. Mifano yote ni ya lugha ya C kwenye Linux ya x86-64, kwa GCC na GDB. Pale Clang, kompaila nyingine ya C, inapotofautiana tumesema.

Hatua ya 1: Jenga upya bila kuigusa programu

Usianze kwa kushusha kiwango cha uboreshaji. Bakiza `-O2` yako na uongeze taarifa za debaga tu:

```
gcc -O2 -g3 panua.c -o panua
```

Wako wanaoamini kwamba `-g` na `-O2` hazikai pamoja. Zinakaa. GCC imejengwa ili `-g` isibadilishe amri za mashine zinazotoka. Faili linanenepa kwenye diski, lakini sehemu za `.debug_info` na wenzake hazipakiwi kwenye kumbukumbu programu inapokimbia. `-g3` inaongeza na makro, ili uweze kuziandika ndani ya GDB kama zilivyo kwenye msimbo.

Kama hitilafu inatokea kwenye seva ambayo hukuijenga wewe, hakikisha kwanza ilijengwa kwa swichi zipi. Kwa kawaida GCC huziandika ndani ya taarifa za debaga:

```
readelf --debug-dump=info panua | grep DW_AT_producer
```

Ukitaka kupeleka faili jembamba kwenye seva na kubaki na taarifa za debaga kwako, zitenganishe:

```
objcopy --only-keep-debug panua panua.debug
strip -g panua
objcopy --add-gnu-debuglink=panua.debug panua
```

Tunza `panua.debug` ya kila toleo unalolitoa. Ukijenga upya wiki mbili baadaye kwa kompaila iliyosasishwa, anwani zitakuwa zimehama, na GDB itakuonyesha mistari isiyohusiana na kilichotokea. Linganisha namba ya ujenzi kwa `readelf -n` kwenye mafaili yote mawili. Zikitofautiana hata tarakimu moja, acha.

Hatua ya 2: Elewa debaga inachokuambia

Chukua fanksheni hii. Inaongeza baiti 100 kwenye urefu wa bafa, na mwandishi amejaribu kujikinga urefu usifurike:

```c
#include <stdio.h>
#include <stdlib.h>

int panua(int urefu)
{
    int mpya = urefu + 100;
    if (mpya < urefu)      /* imefurika? */
        return -1;
    return mpya;
}

int main(int argc, char **argv)
{
    if (argc < 2)
        return 1;
    printf("%d\n", panua(atoi(argv[1])));
    return 0;
}
```

Jenga kwa `-O0`, endesha `./panua 2147483600`, unapata `-1`. Kinga imefanya kazi. Jenga kwa `-O2`, endesha vilevile, unapata `-2147483596`. Sasa ingia GDB.

Jambo la kwanza litakalokusumbua ni kwamba ukiweka `break *panua`, huenda programu isisimame kabisa. Kompaila imeona fanksheni ni fupi na imeupachika mwili wake ndani ya `main`; nakala ya `panua` inayojitegemea ipo kwenye faili lakini hakuna anayeiita. Ukitumia `break panua` bila nyota, GDB hutafuta sehemu zote ulipopachikwa mwili huo, na `info breakpoints` itakuorodheshea 1.1, 1.2 na kuendelea. Kama fanksheni imepachikwa sehemu kumi na tano, utasimama sehemu kumi na tano. Ukiwa umesimama, `info frame` itakuambia kama fremu uliyomo imepachikwa ndani ya nyingine.

Ukitaka fanksheni moja ibaki peke yake wakati wa kuchunguza, iandikie hivi:

```c
__attribute__((noipa)) int panua(int urefu)
```

`noipa` ipo tangu GCC 8. Ina nguvu kuliko `noinline`: inazuia pia kompaila kutengeneza nakala maalumu za fanksheni au kuchungulia ndani yake ili irahisishe upande wa anayeiita. Clang haina `noipa`. Huko tumia `noinline`.

Sasa simama kwenye amri ya kwanza kabisa:

```
(gdb) break *panua
(gdb) run 2147483600
(gdb) disassemble
```

Utakachokiona ni kifupi mno:

```
lea    0x64(%rdi),%eax
ret
```

Kwenye baadhi ya mifumo kutakuwa na `endbr64` juu yake. Hiyo ndiyo fanksheni nzima. Ongeza 0x64, yaani 100, weka jibu kwenye rejista `eax` (kihifadhi kidogo ndani ya prosesa), rudi. Hakuna ulinganisho. Hakuna `-1`. Hundi ya mwandishi imefutwa, na sababu yake tutaifikia Hatua ya 3. Songa kwa `stepi` hadi uivuke `lea`, kisha `print $eax`, na namba hasi iko mbele yako.

Hapa ndipo penye faida ya kujua rejista chache kwa moyo. Kwenye Linux ya x86-64, hoja sita za kwanza ambazo ni namba kamili au vielekezi huingia kwa mpangilio huu: `rdi`, `rsi`, `rdx`, `rcx`, `r8`, `r9`. Jibu hutoka kwa `rax`. Rejista `rbx`, `rbp` na `r12` hadi `r15` ni amana: fanksheni ikizitumia lazima izirudishe zilivyokuwa. Kwa hiyo ukisimama kwa `break *fanksheni`, hoja zipo hata kama `print` inakataa kuzitaja.

`<optimized out>` nayo ina maana mbili. Kigeu hakikuwahi kupewa mahali popote. Au kilikuwepo, lakini rejista yake imekabidhiwa kazi nyingine kabla hujafika ulipo. Amri hii inakutofautishia:

```
(gdb) info address mpya
```

Ikikuletea orodha ya masafa ya anwani, kila moja na rejista yake, basi kigeu kinaishi sehemu hizo tu. Weka kituo ndani ya moja ya masafa hayo kwa `break *0x...` na utakipata. Ikiwa hakipo hata huko, panda kwa aliyeita: andika `up` na uitazame thamani ileile kwa jina lililo nalo kule. Mara nyingi anayeita bado ameishikilia kwenye rejista ya amana au kwenye staki. Ukiona jina kama `urefu@entry`, GDB imeirejesha thamani ilivyokuwa fanksheni ilipoingia. Iamini kama ya mwanzo, lakini si lazima iwe ya sasa.

Mshale unaorukaruka si hitilafu. Kompaila imehamisha amri ili prosesa isikae bure, imetoa nje ya kitanzi hesabu isiyobadilika, imeunganisha mistari inayofanana. Acha `next`, tumia `display/i $pc` pamoja na `nexti`, na ukitaka kuona mstari wa C kando ya amri zake, `disassemble /s`. Zoea pia sura mpya za mambo ya kawaida. Ukitafuta mgawanyo kwa 100, kwa mfano, hutaona amri ya kugawanya bali kuzidisha kwa 0x51eb851f na kusukuma biti kulia: namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 37 gawanya kwa 100, ikapandishwa hadi namba kamili inayofuata.

Kuna uongo mmoja wa debaga unaopoteza siku nzima, na inafaa uujue mapema. Fanksheni ikiwa na `abort()` tatu sehemu tofauti, GCC huweza kuziunganisha kuwa moja. Programu ikianguka, `bt` (orodha ya fanksheni zilizoitana) inakutajia mstari wa `abort()` ya kwanza ilhali iliyopigwa ni ya tatu. Jenga upya kwa `-fno-crossjumping -fno-tree-tail-merge` na mstari utakaa mahali pake. Vivyo hivyo fanksheni ikimalizia kwa kuita nyingine, wito huo hugeuzwa kuwa mruko na jina la mwitaji linapotea kwenye `bt`. Dawa yake ni `-fno-optimize-sibling-calls`. Swichi hizi ongeza moja moja. Kila moja inabadilisha amri za mashine, na ukizimwaga zote kwa pamoja hitilafu inaweza kujificha usijue ni ipi iliyoificha.

`-Og`, iliyoingia na GCC 4.8 mwaka 2013, ni nzuri kwa kazi ya kila siku ya kuandika msimbo. Kwa hitilafu ya `-O2` haisaidii sana: inaacha nje maboresho yaleyale yanayoifichua, na bado utakutana na `<optimized out>`.

Hatua ya 3: Tafuta kanuni ya lugha uliyoivunja

Turudi kwenye hundi iliyofutwa. Kiwango cha C kinasema kujumlisha namba za `int` hadi zipite upeo ni tendo lisilo na maana yoyote. Kompaila ina ruhusa ya kudhani halitokei kamwe. Ikidhani hivyo, `urefu + 100` haiwezi kuwa ndogo kuliko `urefu`, hundi ni ya uongo daima, na `return -1` haifikiki. Imefuta kwa haki. Kwa `-O0` kila sentensi inatafsiriwa peke yake, ndiyo maana kinga ilionekana kufanya kazi.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulitokea kwenye kiini cha Linux mwaka 2009, katika kiendeshi cha TUN. Msimbo ulikuwa hivi:

```c
struct sock *sk = tun->sk;
...
if (!tun)
    return POLLERR;
```

Kielekezi kinafuatwa kwanza, kinakaguliwa baadaye. GCC ilihitimisha kwamba kama `tun` imekwishafuatwa basi si sifuri, ikaufuta ukaguzi. Kosa lililopaswa kuishia kwenye kuanguka likawa mlango wa mtumiaji wa kawaida kujipatia mamlaka ya mfumo mzima, na likaandikishwa kama CVE-2009-1897. Msimbo ulirekebishwa, na kiini kikaanza kujengwa kwa `-fno-delete-null-pointer-checks`.

Kwa hiyo kabla hujatumbua asembli ya programu yenye mistari elfu hamsini, endesha wakaguzi (sanitizers), yaani swichi zinazoifanya programu ijikague ikikimbia:

```
gcc -O2 -g3 -fsanitize=address,undefined \
    -fno-sanitize-recover=all panua.c -o panua
UBSAN_OPTIONS=print_stacktrace=1 ./panua 2147483600
```

Kwa mfano wetu jibu linakuja wazi, na faili na mstari vikitajwa: `runtime error: signed integer overflow: 2147483600 + 100 cannot be represented in type 'int'`. Tegemea programu kwenda takriban mara mbili polepole zaidi. Kwa programu yenye nyuzi nyingi jenga mara ya pili kwa `-fsanitize=thread` peke yake, kwa maana haichanganyiki na `address`; hiyo inapunguza kasi mara 5 hadi 15, kwa hiyo ipe programu data ndogo.

Vigeu visivyopewa thamani ya mwanzo havikamatwi na wakaguzi hao. Clang ina `-fsanitize=memory`. Kwa GCC tumia Valgrind, chombo kinachokagua matumizi ya kumbukumbu programu ikikimbia, lakini ijengee programu kwa `-O0` au `-O1`: kwa `-O2` Valgrind wakati mwingine hulalamikia vigeu ambavyo havina kosa. Njia nyingine ya haraka, kwa GCC 12 na kuendelea, ni `-ftrivial-auto-var-init=pattern`, inayojaza vigeu hivyo takataka ileile kila mara, ili hitilafu ya leo hii kesho ile itulie.

Wakaguzi wakikaa kimya, bakiza `-O2` na ujaribu swichi hizi moja moja:

- `-fwrapv`: hitilafu ikitoweka, kuna `int` inayofurika mahali. Kwa mfano wetu, `-1` inarudi.
- `-fno-strict-aliasing`: ikitoweka, kuna kumbukumbu inayosomwa kwa aina mbili, mathalani `float` inayosomwa kupitia kielekezi cha `int`. Nakili baiti kwa `memcpy` badala yake. Kompaila huigeuza kuwa amri moja, hupotezi kasi.
- `-fno-delete-null-pointer-checks`: ikitoweka, unafuata kielekezi kabla ya kukikagua.
- `-ffp-contract=off`: kwa desimali zinazotofautiana tarakimu za mwisho. Inahusu zaidi mashine zenye amri ya kuzidisha na kujumlisha kwa mkupuo, kama ukijenga kwa `-march=native`.

Swichi hizo ni kipimo. Kuziacha humo na kuita kazi imekwisha ni kumwachia mwenzako shimo, kwa sababu siku atakapolichukua faili hilo na kulijenga kwenye mradi wake bila swichi yako, litamfia mikononi. Rekebisha msimbo:

```c
if (urefu > INT_MAX - 100)
    return -1;
return urefu + 100;
```

Ongeza `#include <limits.h>`. Au tumia `__builtin_add_overflow(urefu, 100, &mpya)`, inayofanya kazi GCC na Clang na kurudisha kweli jumla ikifurika.

Hatua ya 4: Kitanzi kisichoisha na hitilafu zinazokimbia ukizitazama

```c
int tayari = 0;
...
while (!tayari)
    ;
```

Uzi mwingine unaandika `tayari = 1`, lakini huu hautoki. Ndani ya GDB `disassemble` itaonyesha `jmp` inayojirukia yenyewe, baiti `eb fe`. Kompaila haikuona mtu anayebadilisha `tayari` ndani ya kitanzi, ikaisoma mara moja tu nje. Kati ya nyuzi tumia `_Atomic int tayari`. Kwa kigeu kinachoguswa na kipokea ishara, `volatile sig_atomic_t`. Kwa rejista ya kifaa kwenye maikrokontrola, `volatile`. Usizichanganye: `volatile` haipangi mpangilio wa kumbukumbu kati ya nyuzi, na anayeitumia hapo amelificha kosa lake nyuma ya pazia jembamba.

Tabia ya kuweka `printf` ili uone thamani inafaa uiwekee mipaka hapa. `printf` ni wito wa nje. Kompaila inalazimika kudhani inaweza kugusa kila kigeu kinachoonekana na programu nzima, inasoma upya kumbukumbu, na kitanzi kinapona mbele ya macho yako. Ukitaka tu thamani iwepo mahali fulani ili debaga iione, weka sentensi tupu ya asembli:

```c
asm volatile("" : : "g"(mpya));
```

Haitoi amri yoyote, inalazimisha tu `mpya` iwe imeshakokotolewa hapo. Nayo hugusa uboreshaji, ila kidogo sana kuliko `printf`.

Hitilafu inayotokea mara moja katika majaribio mia inafaa kurekodiwa. Tumia `rr`, chombo cha kurekodi programu ikikimbia: `rr record ./panua` hadi ianguke, kisha `rr replay`, na unaweza kurudi nyuma kwa `reverse-continue` hadi pale kumbukumbu ilipochafuliwa, mara nyingi utakavyo, bila hata amri moja kubadilika. `rr` inahitaji vihesabio vya prosesa. Kwenye baadhi ya mashine pepe havipo na itakataa kuanza. Ukiweka mlinzi (watchpoint), mwekee anwani (`watch -l *(int *)0x...`), usimwekee kigeu kinachoishi kwenye rejista: walinzi wa prosesa ya x86 ni wanne na wanalinda kumbukumbu tu, rejista italindwa kwa kupiga hatua moja moja na utasubiri sana.

Hatua ya 5: Gawanya nusu kwa nusu

Bado hujui kosa liko faili gani? Jenga mafaili yote mara mbili, folda moja `-O0` na nyingine `-O2`, zima `-flto` (uboreshaji wakati wa kuunganisha mafaili), kisha unganisha nusu kutoka huku na nusu kutoka kule. Kwa mafaili 64 raundi 6 zinatosha kukufikisha kwenye moja. Ndani ya faili hilo endelea kwa fanksheni: `__attribute__((optimize("O0")))` kwa GCC, `__attribute__((optnone))` kwa Clang. Ile ya GCC ni ya uchunguzi tu, iondoe ukimaliza.

Ukishaipata fanksheni, tafuta boresho lenyewe. Clang inarahisisha: `-mllvm -opt-bisect-limit=N` inasimamisha maboresho baada ya namba N, nawe unaipandisha na kuishusha hadi ukute ile inayovunja. Kwa GCC, linganisha:

```
gcc -Q -O1 --help=optimizers > moja
gcc -Q -O2 --help=optimizers > mbili
diff moja mbili
```

Anza na `-O2` na uondoe kwa `-fno-...`. Kuanza `-O0` na kuongeza swichi moja moja hakufanyi kazi, kwani kwa `-O0` maboresho mengi yamezimwa hata ukiyataja kwa jina.

Kompaila huwa na makosa yake kweli, ila ni machache mno kuliko yetu. Ifikirie baada ya wakaguzi wote kukaa kimya, swichi za Hatua ya 3 kutobadilisha kitu, na fanksheni kusomwa sentensi kwa sentensi kando ya kiwango cha C. Hapo zalisha faili lililochakatwa kwa `gcc -E`, lipunguze kwa `cvise`, chombo kinachofuta msimbo usiohitajika, hadi libaki mistari michache inayoonyesha kosa, lijaribu kwenye toleo jipya la kompaila, kisha litume kwa wasanidi wake pamoja na matokeo ya `gcc -v` na swichi zote ulizotumia. Kila `cvise` inapopunguza, hati yako ya majaribio iendeshe tena wakaguzi: bila hivyo itapunguza hadi izalishe kosa jipya la kufurika ambalo halikuwamo, na utakuwa umetuma ripoti ya kitu kingine kabisa.